Oda ya Mama Neema na Kontrola ya Mtani Wangu

Marahaba, wanangu, marahaba. Shikamoo zenu nazipokea zote, hata ya yule aliyeitoa huku macho yakiwa kwenye simu. Hiyo nimeipokea nusu.

Mmeniomba niwasimulie kazi yetu ilivyokuwa, na nimewaona mnavyotabasamu. Mnadhani nitaanza na kompyuta kubwa kama kabati la nguo. Hapana. Nimestaafu juzijuzi tu. Nimeandika programu za Java za kwenye wavuti miaka mingi, ofisi ndogo ghorofa ya tatu hapa Kariakoo, juu ya duka la mapazia, na mpaka naondoka nilikuwa bado nawarekebishia kodi vijana wa rika lenu. Kodi hii ni maandishi ya programu, si ile ya mwenye nyumba, ingawa zote mbili zikiwashinda mnaanza kujificha.

Siku hizi mnaiagiza mashine iwaandikie kontrola, inaandika, mnaiwasha, mnasema "imetiki". Sawa, sina wivu. Nataka tu kujua kama mnajua kilichoandikwa, kwa sababu mteja akija juu haji juu kwa mashine. Anakuja juu kwako.

Aliyenifundisha kazi hii ni Mihayo, Mnyamwezi wa Tabora, mwenye ile ofisi. Mimi Mwanahawa, Mzaramo wa Magomeni. Kwa hiyo kabla hajanionyesha hata meza ya kukalia tulikuwa tayari watani. Siku ya kwanza aliniuliza mbele ya watu, "Wewe Mzaramo, ngoma ikilia huko chini saa nne asubuhi, utabaki ofisini kweli?" Nikamjibu nitabaki, ili nimchunge asije akamwagia kibodi asali. Watu wakacheka, naye akanipa kazi.

Kazi ya kwanza ilikuwa duka la Hajati Zubeda, mtaa wa pili kutoka kwetu. Hajati aliuza vitenge na kushonesha sare za harusi. Mteja aliingia kwenye tovuti kwa simu yake, akachagua kitambaa, akajaza jina na vipimo vya ndugu zake, na mafundi kule juu dukani wakaiona oda kwenye kompyuta yao, wakakata. Mfumo huo ulitengenezwa na mtu aliyetutangulia, Mungu amlinde popote alipo, kwa sababu mimi nilimtafuta nikamkosa.

Kila ukurasa ulifanya kila kitu. Ukurasa huohuo ulifungua hifadhidata, ulipiga hesabu ya mita, ulihifadhi oda, na ulichora maua pembeni. Ulikuwa mrefu kiasi kwamba ukishuka hadi chini unasahau ulikuwa unatafuta nini. Siku moja Hajati alitaka kichwa cha ukurasa kiwe cha waridi. Dada yetu wa usanifu akaingia, akabadilisha rangi, na kwa usafi wake akafuta mistari aliyoiona haina maana. Mmoja kati ya hiyo ndio uliokuwa unahifadhi oda. Ukurasa ukaendelea kumshukuru kila mteja kwa heshima zote, na oda hazifiki popote.

Kesho yake mchana Hajati aliwakuta mafundi wanacheza karata. Akanipigia simu. "Mwanahawa mwanangu, kwani Bongo watu wameacha kuoana?"

Mihayo alipoisikia hiyo akasema, "Tunahama." Ndipo tukaingia kwenye fremuweki, yaani kiunzi cha kodi kilichoandikwa tayari ambacho unajengea programu yako juu yake, na ndipo nikafundishwa hicho mnachokiita MVC, yaani modeli, mwonekano na kontrola, mnachokitamka haraka kama watu wanaokimbia mvua.

Nendeni nacho taratibu. Modeli ni upande wa mambo yenyewe: oda ni kitu gani, kitambaa gani, mita ngapi zinamtosha mtu mwembamba na ngapi zinamtosha shangazi, na vyote hivyo vinahifadhiwa vipi. Mwonekano ni ukurasa anaouona mteja, basi, hauna kazi nyingine. Kontrola iko katikati. Inapokea ombi la mteja, inaiita modeli ifanye kazi, halafu inachagua ukurasa upi uonyeshwe na upewe nini cha kuonyesha. Fremuweki yenyewe imesimama mbele ya wote. Ombi likiingia inatazama anwani yake, ikiona ni la oda inalipeleka kwenye kontrola ya oda, ikiona ni la vipimo inalipeleka kwenye ya vipimo. Ukitaka waridi, unagusa mwonekano peke yake, na oda za watu zinabaki salama.

Kulielewa jambo hili kulichukua dakika chache. Kulifuata kulichukua muda mrefu, kwa sababu mkono una mazoea yake. Mihayo akikuta hesabu ndani ya ukurasa wangu hakufoka. Alisimama katikati ya ofisi akatangaza, "Ukurasa wa Mzaramo unajua mambo makubwa kuliko umri wake." Akikuta nimejaza kila kitu kwenye kontrola: "Hii kontrola imekula ubwabwa wa shughuli nzima, wenzake wamebaki na sahani tupu." Nilijifunza haraka. Mtu akikutangaza mara mbili mbele ya watu wanaouza chai, unajifunza.

Kitu kingine alichonifundisha ni kumheshimu mtu aliyejaza fomu. Kuna mteja aliandika kwenye nafasi ya kipimo cha kiuno: "kama cha dada yangu". Kontrola ikikataa jambo kama hilo, imrudishie fomu yake na yote aliyoyaandika yakiwemo, imwonyeshe hapo tu palipokosewa. Ukimfutia, akaanza upya kuandika vipimo vya mashangazi na mawifi wote, atakulaani, na haki anayo.

Halafu kuna yule mzee wa mtaa wa Gerezani, muuza vipuri, aliyeagiza kanzu moja akaletewa lundo. Mfumo ulikuwa ukipokea oda unamwonyesha ukurasa wa shukrani palepale, na kila akiupakia upya ule ukurasa, simu inatuma oda tena. Nilipomuuliza kwa nini aliupakia mara zote zile akanijibu, "Nilikuwa naangalia kama bado mnanishukuru." Tangu hapo kontrola zetu zikishahifadhi oda zinamwelekeza mteja kwenye anwani nyingine ya kusoma tu, aupakie ukurasa wake mpaka achoke. Mzee zile kanzu alizichukua zote. Alisema zinampendeza.

Sasa niwaambie ya Mama Neema.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi. Hajati alipiga simu akasema njooni, halafu akakata, na Hajati hakuwa mtu wa kukata simu bila kukuombea dua. Mihayo alishasikia habari kutoka kwa mafundi. Akaniambia, "Nenda umwelekeze mteja. Amechagua nyekundu bila kuangalia, sasa anasema alichagua kijani. Ile kontrola nimeiandika mwenyewe, haina tatizo."

Nikaenda. Wakati huo Hajati ndiye mteja wetu mkubwa, na wenye maduka wa mtaa ule walikuwa wanamtazama yeye kwanza kabla ya kutupa kazi zao. Kariakoo jina lako likiharibika asubuhi, adhuhuri wameshalisikia mpaka Gerezani.

Mama Neema alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja, marobota ya sare mbele yake. Binti yake anaolewa Jumamosi. Sare aliagiza za kijani na njano, na zilizoshonwa ni nyekundu na nyeupe. Kwa mtu wa Dar sina haja ya kueleza ubaya wake. Nyumba yake yote ni ya timu ya mpira ya kijani na njano.

"Baba Neema hata tikiti maji hali," aliniambia. "Anasema likikatwa linamtukana."

Nikataka kucheka, nikamtazama usoni, nikaacha. Alikuwa ameshika blauzi moja nyekundu, anaikunja, anaikunjua, anaikunja tena.

"Mimi mwenyewe naweza kuvaa chochote," akasema. "Lakini mwanangu anaingia kwa mama mkwe ambaye tangu siku ya posa anasema sisi watu wa Magomeni hatuna mpangilio. Jumamosi niingie ukumbini na ndugu zangu tumevaa hivi, wakati kila mtu anatujua? Atamsema mwanangu miaka yote. Sitakuwepo kumjibia."

Nilikuwa nimetumwa nimwambie amebonyeza vibaya. Maneno nilikuwa nayo mdomoni. Yalinishinda. Badala yake nikakaa naye kwenye lile benchi nikamuuliza, "Mama, ulivyoagiza ilikuwaje?"

"Niliagizia hapahapa. Kijana wa duka alituelekeza, mimi na mama mmoja wa Ilala, naye anaoza mtoto. Hatujuani, ila tulicheka sana siku hiyo, maana yeye ni wa timu ya wekundu. Tukajaza, tukajaza, mwisho akaniambia, haya jirani, tubonyeze pamoja tuone ya nani itatangulia."

"Mkabonyeza pamoja?"

"Pamoja kabisa. Simu hii, na hii."

Ile kontrola ilikuwa imejaribiwa kwa wiki nzima, lakini na mtu mmoja kwa wakati. Nikamwomba Hajati atoe simu yake, nami nikatoa yangu. Mimi nikachagua kijani, yeye nyekundu. Nikamwambia, "Nikisema twende, bonyeza." Mara ya kwanza Hajati alibonyeza taratibu kama mtu anayebisha hodi ukweni, ikapita salama. Tukarudia. Tukarudia tena. Halafu tukapanda kwa mafundi kutazama kompyuta yao, na oda yangu, yenye jina langu na vipimo vyangu, ilikuwa imeandikwa nyekundu.

"Subhanallah," akasema Hajati. Mama Neema alikuwa ametufuata juu. Aliweka mkono kifuani.

Nikampigia Mihayo. "Mtani, njoo."

"Amekubali kwamba amekosea?"

"Njoo tu."

Alikuja amechomekea shati, ana sura ya mtu anayekuja kushinda. Nilipomweleza akataka kubonyeza mwenyewe. Akabonyeza na Hajati, na kwa bahati mbaya yake ikamtokea mapema. Akarudia, ikamtokea tena. Akavua miwani, akaipangusa kwa kitambaa kilichokuwa karibu, kisha akagundua anaipangusa kwa sare ya Mama Neema, akairudisha pale taratibu. Akafungua kompyuta yake juu ya jora la kitenge.

Hapa acheni simu mnisikilize, kwa sababu wengi wenu mnaangukia hapahapa. Fremuweki haitengenezi kontrola mpya kwa kila mteja anayeingia. Inatengeneza moja programu inapowashwa, na hiyo moja inahudumia watu wote, hata wakija kwa mkupuo. Jina na vipimo Mihayo aliviandika ndani ya metodi, yaani ndani ya kile kipande cha kazi kinachohudumia ombi moja, na ndani ya metodi kila ombi lina vyake. Lakini kitambaa alikiweka nje, juu kabisa ya darasa, yaani ya kodi nzima ya ile kontrola, mahali ambapo maombi yote yanachangia. Kontrola ilipokea kijani cha Mama Neema, ikaenda kuuliza stoo kama kipo. Kabla haijarudi, mama wa Ilala akaweka nyekundu yake palepale. Iliporudi kuhifadhi oda ya Mama Neema ikakuta nyekundu, ikahifadhi nyekundu. Haikuona ajabu yoyote. Ukiwa peke yako dukani kosa hilo hutaliona mpaka uzeeke.

"Kwa hiyo ni nini?" Hajati akauliza.

"Ni mstari mmoja, Hajati," Mihayo akasema. "Umekaa juu, ulitakiwa ukae chini."

"Mstari mmoja ndio umenikatia majora yote haya?"

Mihayo alimgeukia Mama Neema.

"Mama, hukubonyeza vibaya," akasema. "Nimekosea mimi. Na nilimtuma huyu aje akwambie kosa ni lako, kabla sijatazama. Hilo nalo nimekosea. Naomba unisamehe."

Mama Neema alimtazama. "Wewe kabila gani?"

"Mnyamwezi."

"Mimi Mzaramo. Bahati yako. Ungekuwa si mtani wangu ningekufunga na hivi vitenge nikakupeleka wewe uchezwe ngoma kama mwali Jumamosi."

Hapo ndipo watu wote mle chumbani walipopumua.

Ule mstari niliuhamisha mimi, pale juu ya jora, na tukabonyeza mpaka vidole vikauma, na rangi hazikuchanganyika tena. Hiyo ilikuwa sehemu nyepesi. Kijani na njano vilivyobaki dukani kwa Hajati havikutosha ndugu wote, na aliyekuwa navyo vya kutosha ni mshindani wake wa ng'ambo ya barabara, mwanamke ambaye walikuwa hawasalimiani tangu walipogombea fundi. Hajati alijitanda mtandio wake akavuka mwenyewe. Sijui walisemezana nini. Alirudi na kijana nyuma yake amebeba majora, na yule mwanamke akatuma na fundi wake mmoja, yuleyule waliyemgombea. Kitambaa kile ofisi yetu iligharamia, na jambo hilo halikujadiliwa hata kidogo.

Mama wa Ilala alipopigiwa simu alicheka mpaka ikakatika. Akapiga mwenyewe, akasema zile nyekundu zisitupwe, ana mashangazi waliochelewa kujiandikisha.

Ijumaa mchana mvua ikaanza, na mimi na nyinyi tunajua mvua ya hapa ikikolea njia ya Jangwani ya kwenda Magomeni inavyofurika. Mafundi walikuwa wanashona bila kuinua kichwa. Mihayo alikataa kurudi ofisini. Akauliza kazi gani anaweza kufanya asiharibu kitu, Hajati akampa pasi. Mwenye ofisi, mtu aliyetufundisha wote Java, amesimama pembeni ya dirisha anapiga pasi magauni ya mawifi wa Mama Neema, jasho linamtoka. Nilimpitia nikamwambia, "Mtani, hiyo pasi moja na magauni ni mengi. Angalia usije ukachanganya rangi."

"Kanywe maji, Mzaramo," akasema bila kuinua macho. Lakini alikuwa anatabasamu.

Kwa sababu naishi Magomeni, marobota niliyabeba mimi jioni ileile, kabla barabara haijafungwa. Mama Neema alinipokea mlangoni, akafungua robota moja, akakaa chini palepale kizingitini.

Jumamosi nilialikwa. Walipoingia ukumbini, kijani na njano, safu nzima, vigelegele vilipigwa mpaka watu wa upande wa bwana harusi wakainuka na kucheza. Mama mkwe alikuwa meza ya mbele. Nilimwona anamshika Mama Neema mkono wa gauni, anauangalia mshono kwa ndani, kama watu wanavyokagua kitu wakitafuta kasoro.

"Mmeshonesha wapi?" akauliza.

"Kariakoo, kwa Hajati Zubeda. Unabonyeza tu kwenye simu." Mama Neema akanitupia jicho. "Ila bonyeza ukiwa peke yako."

Mambo yamebadilika tangu siku hizo, najua. Sasa mwonekano mnauchora ndani ya simu ya mteja, na kontrola zenu nyingi hazichagui ukurasa tena, zinarudisha data tupu. Majina ya fremuweki yanabadilika kila mkimaliza kuyakariri. Sawa. Lakini bado ombi linaingia, bado kuna anayelipokea, bado modeli ndiyo inayojua oda ni nini, na bado kontrola ni moja na wateja ni wengi. Kwa hiyo kabla hamjasema imetiki, mwite mwenzako wa meza ya pili, mbonyeze pamoja.

Jumatatu iliyofuata Mihayo aliingia ofisini mapema kuliko kawaida. Hakunitania. Alikuja mpaka mezani kwangu, akaweka kompyuta yake mbele yangu, kontrola mpya ya mteja mwingine imefunguliwa.

"Kuanzia leo," akasema, "yangu haitoki bila wewe kuisoma. Na wengine wote watasomana hivyohivyo."

Alisimama nyuma ya kiti changu, mikono ameifunga mgongoni, kama mwanafunzi anayesubiri daftari lake lisahihishwe. Nikaanza kusoma mstari wa kwanza. Nikaenda wa pili. Kwa kweli ilikuwa imeandikwa vizuri sana, na mtu mwenye haraka angeimaliza mara moja. Mimi sikuwa na haraka. Nilimsikia nyuma yangu anahamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine.

"Umeona kitu?" akauliza.

"Simama vizuri, mtani," nikamwambia. "Bado sijafika hata katikati."

Akasimama vizuri.